Manju, Bwana wa Uwanja

Wazungu wana opera na mwongozaji wake. Kwetu Usukumani, kutoka Shinyanga hadi Geita, kazi hiyo ni ya manju. Anatunga nyimbo, anachagua wachezaji, anapanga hatua na mavazi, na baada ya mavuno anawapeleka mashindanoni. Chama chetu ni Bagalu, cha majirani ni Bagika: vyama vya ngoma vya tangu karne ya 19. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, yakitazamana, na linalovuta watu wengi zaidi ndilo mshindi. Ndiyo maana manju huleta chatu hai, au sanamu ya mbao aliyoificha hadi siku yenyewe. Sijui mwongozaji anayepimwa kwa ukali kuliko huyu. Mwezi Juni nenda Bujora, kwenye sikukuu ya Bulabo, ukajionee.