MAHARAGE SITINI NA MTO MMOJA



Jumapili moja tulikusanyika wajumbe ishirini na wanne katika chumba cha mikutano hapa Kamembe. Walikuwapo wachuma chai, watu wa saruji, na wengine kutoka mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama. Somo la siku hiyo niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: UHUSIANO WA NCHI NA NCHI. Nilipogeuka kulitazama darasa, niliona nyuso zimelala. Mama mmoja mchuma chai akanyosha mkono, akasema bila kuficha: "Ndugu mwalimu, mambo ya mawaziri yananihusu nini? Mimi nahusika na kilo zangu."

Sikubishana naye. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi, na najua jinsi hotuba ndefu inavyomsinzisha mtu aliyeamka saa kumi za usiku. Nilifuta ubao. Nikatoa mfuko wa maharage, nikahesabu maharage sitini, nikayamwaga katika sahani katikati ya meza, nikawaambia: "Huu ndio mto Rusizi, na haya maharage ndiyo umeme wake. Leo ninyi ni mawaziri."

Tulipiga kura ya vikaratasi. Watu saba wakawa Rwanda, saba wakawa Burundi, saba wakawa Kongo, na watatu waliobaki wakawa benki yenye fedha za kujengea bwawa. Kila nchi ilipewa karatasi inayosema kwamba viwanda vyake, hospitali zake na nyumba zake zinahitaji maharage thelathini. Fanya hesabu, ndugu msomaji: haja ni tisini, mto una sitini. Kanuni zilikuwa tatu tu. Kila nchi inatuma mjumbe mmoja kuzungumza na wenzake. Mapatano hayafai mpaka nchi zote tatu zitie sahihi. Nusu saa ikipita bila sahihi, maharage yote yanarudi mfukoni na kila mtu anakaa gizani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa kelele tupu. Kijana mmoja wa saruji, ambaye kila siku hutuambia kwamba jirani zetu wa ng'ambo hawajui kupatana na mtu, kura ilimwangukia kuwa mjumbe wa Kongo. Dakika kumi hazikuisha, amesimama anapiga meza: "Watu wangu ni wengi kuliko wenu! Nikubali vipi kumi na tano?" Alikuwa amesoma karatasi yake na kuona njaa iliyoandikwa humo. Nusu saa ikaisha. Nikayarudisha maharage mfukoni moja moja, na chumba chote kikanyamaza.

Mchezo wa pili yule mama mchuma chai alikuwa mjumbe wa Burundi. Alikwenda meza kwa meza akisema: "Thelathini sitazipata. Sifuri siitaki. Nani yuko tayari kwa ishirini?" Wakatia sahihi. Lakini kazi ilikuwa haijaisha, maana bwawa halijengwi kwa sahihi. Wajumbe walikwenda benki mmoja mmoja, na wale watatu wa benki wakafanya ujanja ambao mimi sikuwafundisha. Kila mjumbe aliyeingia aliambiwa: "Mwenzako amekwisha kubali kutulipa maharage manane. Wewe unangoja nini?" Na kila mmoja akakubali kwa hofu ya kuachwa nyuma. Walipokaa pamoja na kuulizana, wakagundua kwamba hakuna aliyekuwa amekubali kabla ya mwenziwe. Mama akainuka: "Turudi wote watatu, kwa mlango mmoja." Wakarudi. Benki ikashuka mpaka maharage manne.

Hapo ndipo aliponigeukia akasema maneno ambayo sitayasahau: "Kumbe ndivyo kapita anavyotufanya shambani. Anatuita mmoja mmoja."

Ndugu zangu, hotuba yangu ya saa mbili isingefika pale. Mtu akiambiwa "umoja ni nguvu" anaitikia kwa mdomo. Mtu aliyepoteza maharage manne kwa kwenda peke yake anajua umoja unapimwaje.

Baada ya mchezo ndipo nikawaeleza mambo yenyewe yalivyo, na safari hii hakuna aliyesinzia. Mto huu unatoka Ziwa Kivu na kushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, yaani CEPGL, kwa mkataba uliotiwa sahihi Gisenyi. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zikaunda kampuni moja ya umeme, SINELAC, na bwawa la Rusizi II likaanza kutoa umeme mwaka 1989. Tangu hapo nchi hizi zimegombana mara ngapi? Na bado mto umebaki wao wote watatu. Wajumbe waliuliza maswali mpaka giza likaingia: nani anasimamia mitambo, nchi isipolipa deni inakuwaje, nani alikopesha. Hayo ni maswali ya watu waliokwisha kukaa katika kile kiti.

Tusidhani kwamba siasa ya nchi na nchi iko mbali nasi. Hapa Rusizi iko mlangoni. Mwezi wa Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa ajili ya Covid-19, akina mama waliozoea kuvuka kila asubuhi kuuza sambaza na mboga Bukavu walibaki nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na nchi yetu, na njia ya Ruhwa ikanyamaza. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Bukavu, hatua chache tu kutoka madirisha yetu. Na majani tunayochuma huenda mnadani Mombasa na kuuzwa kwa dola kwa watu wa nchi ambazo hatujaziona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa shauri katika mambo hayo, lakini kila mmoja aliyalipia sokoni.

Wakubwa wamejua siku nyingi kwamba mchezo ni darasa. Wazee wetu walikaa kwenye igisoro, mashimo thelathini na mawili na mbegu sitini na nne, wakimfundisha kijana kufikiri kabla ya kutupa mkono. Majeshi ya Prussia, huko Ujerumani ya zamani, yalicheza vita mezani tangu miaka ya 1820. Huko Nairobi, katika makao ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri, wanafunzi wa sekondari hukutana na kucheza baraza la mataifa, mmoja akisema kwa niaba ya India na mwingine kwa niaba ya Misri. Hilo ni jema. Lakini kwa nini somo hilo liwe la mtoto wa sekondari tu, na mama wa kapu la chai asilipate?

Nao wanyonge wamewahi kuitumia silaha hii. Mwaka 1904 mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Magie, alipewa hati ya uvumbuzi kwa mchezo wa ubao aliouita mchezo wa mwenye ardhi. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilimlipa dola 500 kwa haki za mchezo huo, na ndugu wa mchezo ule tunaujua leo kwa jina la Monopoly, ambamo watu hufurahia kufilisi wenzao. Mwaka 1978 mwalimu wa chuo kikuu huko New York, Bertell Ollman, alitoa mchezo wa mapambano ya matabaka. Humo mchezaji hachagui tabaka lake; dadu ndiyo inayomwambia amezaliwa wapi, kama ilivyo duniani.

Karibu zaidi nasi ni Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walicheza mchezo wa kuigiza kwa lugha yao ya Kikuyu, "Ngaahika Ndeenda", ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Uwanja waliujenga kwa mikono yao. Walipokuwa wakifanya mazoezi walisahihisha maneno ya waandishi, maana wao ndio waliojua mshahara unavyokwisha kabla ya mwezi. Uliruhusiwa wiki chache tu, ukapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mchezo usingekuwa na nguvu, nani angehangaika kuuzuia?

Sasa nieleze faida tuliyoipata wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka wajumbe watano kwa mwajiri mmoja wa chai. Malalamiko yalikuwa mizani: kila mchumaji alikatwa kilo kwa ajili ya maji na kapu, na hakuna aliyejua zinakatwa ngapi. Meneja alitabasamu, akasema: "Bei ya Mombasa imeshuka." Wajumbe wakatazamana. Walitoka bila neno, na mimi niliyewapeleka nilikuwa kimya kuliko wao.

Kabla ya kurudi tena, tulicheza mkutano ule jioni tatu. Mmoja alivaa koti, akakalia kiti kirefu, akawa meneja. Kazi yake ilikuwa kutushinda. Kila alipotaja Mombasa tulikwama, tukasimamisha mchezo, tukatafuta jibu pamoja, tukaanza tena. Mwishowe tulipata maswali matatu: Ni bei ya wiki gani? Ni ya chai ya daraja gani? Na ilipopanda, mlituongeza nini? Siku ya mkutano wenyewe maswali yale yaliulizwa kwa adabu, na meneja akafungua faili. Nyongeza ya mshahara hatukuipata, sitawadanganya. Lakini tangu siku ile mizani inasomwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi, na kilo za kapu zimeandikwa ukutani.

Hata hivyo mchezo una hatari zake, na ya kwanza niliisababisha mimi. Katika zoezi moja ndugu aliyeigiza kapita aliigiza vizuri mno, nami nikafunga mkutano haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Wiki nzima wenzake walimnunia. Kwa hiyo shikeni haya:

Kwanza, nafasi zitolewe kwa kura, ili mtu asijichagulie upande anaoupenda. Mara nyingi anayefaidika zaidi ni yule anayekalia kiti cha jirani yake.

Pili, tucheze nchi, benki, meneja na mjumbe, lakini kamwe tusicheze kabila. Sisi tuliopitia mwaka 1994 hatuhitaji kuelezwa sababu.

Tatu, mchezo ukiisha kila mtu avue nafasi yake mbele ya wote. Aseme jina lake, ashikane mikono na wenzake, na aeleze alichokiona akiwa upande ule.

Nne, mazungumzo ya baada ya mchezo yawe marefu kuliko mchezo wenyewe. Hapo ndipo mwalimu ataje mambo ya kweli na miaka yake. Mchezo bila mazungumzo ni kelele na kicheko.

Tano, tukumbuke kwamba maharage si umeme, wala chumba chetu si dunia. Mtu asitoke pale akidhani amekwisha kuwa balozi. Atoke akijua la kuuliza.

Gharama ni ndogo: kilo moja ya maharage, vikaratasi, na saa moja yenye mshale mzima. Kila tawi linaweza kufanya hivi kabla ya mkutano wake ujao na mwajiri, na watakaobuni mchezo mwingine watuandikie.

Yule mama mchuma chai sasa ni mjumbe wa shamba lake. Juzi nilimkuta njiani na kapu mgongoni, nikamwuliza kama bado mambo ya mawaziri hayamhusu. Akacheka, akasema: "Yananihusu. Ila siku hizi siendi peke yangu."