Kuzimia: Sababu Zake, na Maswali ya Daktari

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kuzimia, jambo ambalo wengi wetu tumepata kuliona. Kijana amesimama katika gwaride la shule, na jua limepanda. Mara rangi yampotea midomoni, jasho la baridi lamtoka, macho yaingia kiza, naye aanguka. Watu humkimbilia: huyu amwinua akae, huyu amnywesha maji, na yule asema kijana amepandwa na shetani. Wote watatu wana nia njema, wala hapana hata mmoja aliyemfaa.

Tuanze na mwili wenyewe. Ubongo hauna akiba kama mkulima mwenye ghala. Huishi kwa damu inayoufikia saa ile ile. Damu hiyo ikikatika kwa sekunde 6 hadi 8 tu, fahamu hupotea. Basi kila tusimamapo, nusu lita ya damu au zaidi hushuka tumboni na miguuni kwa uzito wake. Ndipo mishipa hujikaza na moyo huongeza mwendo, ili damu ipande tena kichwani. Mambo hayo yakishindikana, mtu huzimia. Na kule kuanguka ndiko kunakomponya, maana akiisha kulala chini, moyo hauna tena mlima wa kupandishia damu. Amwinuaye amemnyang'anya dawa yake.

Sababu za kuzimia ni nyingi, lakini aghalabu hugawanyika mafungu matatu. La kwanza, nalo ndilo la kawaida, hutokana na hofu, maumivu, kuona damu, au kusimama mno penye joto. Hapo neva hukosea katika amri zao: moyo hupunguza mwendo na mishipa hulegea kwa wakati mmoja. Mtu huyu kwa kawaida hupata onyo kwanza: kichefuchefu, jasho, kizunguzungu, masikio kuvuma. La pili ni la mtu ambaye shinikizo la damu yake hushuka ainukapo: aliyeharisha au kutapika sana, aliyepoteza damu, au mzee atumiaye dawa fulani, hasa zile za kuteremsha shinikizo la damu. La tatu hutokana na moyo wenyewe: mapigo ya polepole mno, au ya mbio mno, au njia ya damu iliyosongwa. Fungu hili lina watu wachache kuliko la kwanza, lakini ndilo la kuogopwa, kwa kuwa laweza kuua.

Daktari atayatenganishaje mafungu hayo? Wengi hudhani ya kwamba atategemea mitambo. Sivyo, huanza kwa maswali. Ulikuwa umesimama, umeketi, au umelala? Ulikuwa ukikimbia? Ulipata onyo? Watumia dawa gani? Je, katika jamaa zako yuko aliyekufa ghafula angali kijana? Kisha hupima shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala, akalipima tena katika dakika 3 za kusimama. Kipimo cha juu kikishuka milimita 20 au zaidi, amepata dalili kubwa. Halafu huandika mwendo wa moyo kwa chombo cha umeme. Willem Einthoven wa Uholanzi alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya maandishi hayo ya moyo. Ikilazimu, hupima wingi wa damu na sukari.

Lakini liko swali moja ambalo mgonjwa hawezi kulijibu: ilikuwaje alipokuwa chini? Shahidi ni yule aliyesimama kando. Aliyezimia huenda akatikisika viungo kwa muda mfupi, na hilo peke yake si kifafa. Naye hurudiwa na akili zake upesi. Mwenye kifafa aghalabu hubaki amepumbaa kwa dakika kadhaa, na pengine ameuma ubavu wa ulimi. Ushahidi mwema waweza kumwokoa mtu asipewe jina la ugonjwa asio nao, akanywa dawa zake miaka mingi bure. Waweza pia kumwokoa mwenye moyo mgonjwa asiambiwe kwamba ni woga tu.

Basi tufanye nini? Mlazeni chali papo hapo, inueni miguu yake, legezeni nguo shingoni, na watu wajitenge apate hewa. Akitapika, mgeuzeni ubavu. Msimtie kitu kinywani mpaka aamke kabisa. Tazameni saa. Asipoamka kwa dakika moja au mbili, itisheni msaada. Na kama hapumui sawasawa, huenda moyo umesimama: mmoja amkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Wako watu ambao yapasa wafike kwa daktari siku ile ile, hata wakisema wamepona: aliyezimia akikimbia au akifanya kazi nzito, aliyezimia hali amelala, aliyeanguka bila onyo lolote, mwenye maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwanamke aumwaye tumbo ambaye yamkini ana mimba, maana huenda anavuja damu ndani.

Na aliyemwona akianguka afuatane naye, ili daktari apate kumwuliza.