Mpingo Uliopinda na Mashetani ya Wamakonde

Fundi wa klarineti hutaka mpingo ulionyooka, usio na ufa wala fundo. Vipande vya namna hiyo ni haba. Mti huu wa misitu ya miombo hukua polepole mno, hupitisha miongo mingi kabla ya kufaa kuvunwa, na mara nyingi shina lake hupinda, likawa na mifereji ubavuni na uwazi wa ndani usioonekana mpaka msumeno upite. Sehemu kubwa ya gogo hubaki kuwa taka za kiwandani. Kwa mchongaji wa Kimakonde, kasoro hizohizo ndizo mwanzo wa kazi.

Tazama kwa karibu kinyago cha mtindo wa shetani. Mguu mmoja umenenepa kuliko mwenzake kwa sababu gogo lenyewe lilikuwa hivyo. Tumboni pana tundu linalopitisha mwanga, pale ambapo kiini kilikuwa kimeoza mti ungali umesimama. Jicho moja limewekwa penye fundo la tawi lililovunjika. La pili limehamia shavuni. Sikio linarefuka hadi linakuwa mkono, na mkono unaishia kwenye mdomo wa ndege. Mgongoni umeachwa ukanda wa mbao ya nje, ya manjano hafifu, ukipakana na weusi wa kiini. Hakuna mnyama kama huyo katika bonde zima la Ruvuma, lakini mkunjo wa mgongo wake ulikuwemo mtini kabla tezo haijaugusa.

Wamakonde wamechonga tangu kale, ila mtindo huu ni wa juzijuzi. Ulizuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na sifa hupewa Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji wengi waliotoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kimoja cha kawaida kilivunjika mkono. Badala ya kukitupa, aliendelea kukichonga mpaka kikawa kiumbe wa porini, wa aina ambayo wazee walizoea kuisimulia.

Masimulizi hayo yana uzito kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyeambiwa kwamba porini kuna viumbe wanaoweza kujigeuza mnyama au mti hapiti kwenye kichuguu bila kukiangalia. Atageuka kutazama mti wenye shimo na atasikiliza kinachochakarisha majani. Hadithi inamfundisha kuangalia kabla hajajua jina la kitu chochote. Mchongaji aliyekulia humo akiletewa gogo lililojikunja, macho yake tayari yana mazoezi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vinyago hivi ni ibada ya mashetani. Vilichongwa vipate wanunuzi. Vya jandoni ni mapiko, barakoa za ngoma, na hizo ni habari nyingine kabisa.

Kinachonisikitisha ni vile vinavyochongwa kwa mbao laini na kupakwa rangi ya viatu ili vifanane na mpingo. Mbao iliyonyooka haimlazimishi mchongaji kuwaza upya, kwa hiyo shetani wa leo anafanana na wa jana, kwa urefu na kwa kicheko. Uhaba wa mpingo umechangia. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Lakini Kilwa wameonyesha kwamba unaweza kuvunwa kwa mpango: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu.

Ukifika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, nyanyua kinyago kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kisha tafuta ukanda wa mbao ya nje, kama umeachwa, uufuate kwa kidole. Unapopinda ndipo mti ulipopinda, na hapo utaona mchongaji aliamua kuufanya nini: goti, mkia, au taya la kiumbe asiye na jina.