Mguu Unapopoa Ghafla

Misuli ya mguu iliyokatiwa damu ghafla huvumilia takribani saa 6, kisha huanza kufa. Ipeleke hesabu hiyo Muze, chini kabisa katika Bonde la Rukwa, nchini Tanzania. Kutoka hapo hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, Sumbawanga mjini, gari hupanda ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, na masika barabara huteleza. Nusu ya muda huo huweza kuishia nyumbani, mgonjwa akichuliwa na kukandwa maji ya moto, au majirani wakibishana kama amekanyaga kitu alichotegewa.

Ateri ikiziba, maumivu huja kwa kishindo. Mguu hupauka, hupoa, na ukiweka vidole juu ya wayo husikii mapigo, ilhali kwenye mguu wa pili yapo. Baadaye huingia ganzi, kisha vidole hukataa kukunjika. Hapo hatari imekomaa.

Mara nyingi donge la damu limetoka moyoni: kwenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Ndipo mfungo mrefu unapoingia. Simsemi anayefunga Ramadhani, akafuturu magharibi na kula daku. Namsema anayekaa siku nyingi bila chakula, pengine hata bila maji, katika joto la bonde lile. Maji yakipungua mwilini, damu huwa nzito. Potasiamu na magnesi zikishuka, moyo hupoteza mpangilio. Damu hutuama ndani yake na kuganda. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au saratani asiuanze mfungo wa namna hiyo bila daktari.

Kufungulia nako kuna hatari yake. Wanga mwingi ukiingia ghafla, fosfati huhamia ndani ya seli na moyo huweza kusimama. Mwaka 1945, baadhi ya wafungwa waliokombolewa katika kambi ya Wanazi ya Bergen-Belsen walikufa baada ya kupewa chakula kizito. Uji mwepesi, kidogo kidogo, chini ya uangalizi, ndio salama.

Mguu uliopoa usiuchue, usiukande, usiuinue. Ufunike kwa shuka, mgonjwa aondoke. Hospitalini huanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na panapo daktari bingwa donge huvutwa kwa mpira mwembamba wenye puto, kifaa alichokitangaza Thomas Fogarty mwaka 1963. Kwenye karatasi ya rufaa iandikwe saa maumivu yalipoanza, maana kwa saa hiyo daktari wa upasuaji hupima kama mguu bado unaokoleka.