Uanachama Hauna Rangi

Makatibu wetu huuliza: je, raia mwenye asili ya Kiasia au ya Kizungu, aliye na shamba Bunda au mtumbwi Musoma, aweza kupokewa chamani? Naam. Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani, kama ilivyoandikwa upya huko Manchester mwaka 1995, humfungulia mlango kila awezaye kutumia huduma za chama na aliye tayari kubeba wajibu wake, pasipo ubaguzi wa jinsia, rangi, siasa wala dini.

Sababu ya wanachama kusita twaijua. Zamani za ukoloni pamba ya Kanda ya Ziwa ilinunuliwa na kuchambuliwa zaidi na wafanyabiashara wa Kiasia, na mkulima hakuiamini mizani yao. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe. Mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Dawa iliyowafaa ilikuwa kuisoma mizani.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu akarudi nyumbani. Huku akamfundisha Padre Arthur Wille, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, lugha ya Kizanaki inayosemwa Butiama. Mzungu kuketi akawa mwanafunzi wa Mwafrika, tena siku zile, halikuwa jambo dogo. Oktoba 1961, akiwa Waziri Mkuu, Mwalimu alikataa bungeni uraia usipimwe kwa rangi ya ngozi, akaeleza kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali.

Hata hivyo, anayesita si mwenyeji peke yake. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zilitaifishwa nchini, nyingi zikiwa za Waasia, na jamaa nyingi zikahama. Aliyebaki hawezi kulaumiwa akiuliza kwanza iwapo hisa zake zitakuwa salama.

Basi, Ndugu Katibu, mwombaji apewe masharti ya chama ayasome. Kiingilio kiwe kilekile, hisa zilezile. Asipendelewe eti kwa kuwa ana lori la kukodisha. Siku ya kupima mazao asimame penye mizani pamoja na wenzake, kila mmoja aone uzito wa mwingine na stakabadhi yake. Na ombi lolote likikataliwa, muhtasari wa mkutano utaje kifungu cha masharti kilichotumika, ili mwombaji aweze kukata rufaa.