Waliopanda kumfuata mgonjwa

Jumatano ya Desemba 24, 2025, siku ya mkesha wa Noeli, helikopta ilianguka Mlima Kilimanjaro, eneo la kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Watu watano walifariki: rubani, daktari, mwongoza watalii na wageni wawili kutoka nje ya nchi. Ilikuwa katika kazi ya kuokoa wagonjwa.

Maneno hayakukawia. Walitafuta nini huko juu? Wengine wanasema mlima umekasirika. Soma Luka sura ya 13. Yesu aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Na sisi tusijifanye mahakimu wa marehemu.

Kule juu hewa ni nyepesi. Mapafu ya mpandaji yanakosa oksijeni. Helikopta nayo, mapanga yake yanakosa hewa ya kutosha ya kuibeba, na injini inapungua nguvu. Tiba kuu ya ugonjwa wa mwinuko ni kumshusha mgonjwa haraka. Lakini anayekwenda kumshusha lazima aingie katika hewa ileile inayomuumiza mgonjwa.

Sisi wa Mbinga tunalielewa hili bila helikopta. Nani hajaona machela ikipandishwa kutoka bondeni kwenda hospitali ya Litembo, vijana wakipokezana mabegani, masika yamekolea, njia ni utelezi mtupu kati ya mashamba ya ngolo? Na kule Liuli au Lituhi, mtumbwi ukisukumwa majini usiku, mawimbi ya Nyasa yakiwa juu, kwa sababu kuna mama mwenye uchungu? Hao hawana bima. Wala hawaulizi mgonjwa ni wa ukoo gani.

Leo ni Familia Takatifu. Yosefu anaamshwa usiku, anamchukua Mtoto na mama yake, anaondoka. Mathayo hatuambii barabara ilikuwaje (wanaume wachache husimuliwa kwa maneno machache hivyo).

Kwenye maombi ya waamini leo, waombee hao watano. Ukitoka kanisani, pita kwa yule kijana aliyebeba machela ya jirani yako mwaka huu. Bega lake huenda bado linauma. Mpelekee japo kipande cha kuku wa Noeli.