Askari wa Shaba na Mtaa wa Wapagazi

Mkaaji wa Eastlands aendaye mjini na kupita Kenyatta Avenue, iliyoitwa zamani Delamere Avenue, huziona sanamu tatu za shaba zilizosimama pamoja: askari wa Keya, mwanajeshi wa Kiarabu, na mpagazi. Zilifanywa na Mwingereza James Alexander Stevenson, na kuzinduliwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Vita vya 1914–1918. Huyu ndiye aliyefanya pia Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la marehemu hata mmoja halimo.

Askari hutazamwa kwanza, kwa kuwa ana bunduki. Lakini aliyekufa zaidi ni mpagazi. Nchi ile ya vita haikuwa na barabara, na mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi. Basi chakula na risasi vilichukuliwa vichwani kumfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akirudi nyuma daima. Mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu katika wilaya nyingi za Kenya. Risasi haikuwa adui wao mkubwa. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi, na kwa unga wa mahindi usioiva, ambao matumbo ya wengi hayakuuzoea. Hesabu ya serikali ilitaja wafu zaidi ya 40,000. Wanahistoria kadhaa huiona kuwa ndogo mno.

Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na kambi yake ya Nairobi ndiyo iliyozaa jina Kariokor, kama ile ya Dar es Salaam ilivyozaa Kariakoo. (Soko la Burma, lisilo mbali, lakumbusha vita vya pili.)

Karani yeyote ajua kwamba jina lililoandikwa kitabuni hutafutika. Mwezi wa Aprili 1921 ulipita, na miaka 100 baada yake, Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Huko Kariokor wanawake husuka vyondo, nyama huchomwa, na makondakta huliita jina la kambi ile tangu alfajiri.